Mbwa wa kupewa anakojoa stoo na kutafuna turubai: fanya hivi

Vijana wengi hapa Karagwe na Kyerwa huchukua mbwa mkubwa kwa jirani ili alinde kahawa iliyoanikwa. Siku ya tatu malalamiko yanaanza: kakojoa stoo, kararua turubai. Anachapwa.

Ndugu mkulima, fimbo haisaidii. Ukimchapa saa moja baadaye, haunganishi kipigo na mkojo ule. Anachojifunza ni kukuogopa, kisha anajisaidia mafichoni, pengine juu ya kahawa yenyewe. Kahawa iliyonuka mkojo utampelekea nani?

Wiki mbili za kwanza asizurure peke yake. Mlishe kwa saa maalumu, maana akila kwa saa na choo chake kitakuwa na saa. Mpeleke kona ileile ya shamba asubuhi, baada ya kula na kabla ya kulala. Akijisaidia pale, msifie papo hapo. Kama sakafu ni ya udongo, chota ule uliolowa ukaumwage kwenye hiyo kona, harufu itamvuta. Ya saruji ioshe kwa sabuni, halafu siki.

Kutafuna kwa mbwa mkubwa mara nyingi ni upweke wa kufungwa kutwa. Tembea naye migombani, mpe mfupa mkubwa mbichi. Kiatu kikuukuu usimpe. Hajui tofauti yake na kipya. Kahawa nayo ianike kwenye chanja.

Ila akianza ghafla kutafuna mawe na vijiti huku mate yanamtiririka, usimguse. Huenda ni kichaa. Mwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ni kila mwaka.