Charlie Apanda Angani, Hadithi Yashuka

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Maneno hayo yawafaa watungaji wa vitabu sawasawa na wapiga ngoma. Mtu hutunga hadithi ikapendwa na wakubwa kwa wadogo, kisha wasomaji wakamwandama wakidai ya pili. "Ikawaje baadaye?" Swali hilo ndilo wazazi waulizwalo na watoto usiku kabla ya taa kuzimwa, na ndilo alilobakishiwa Roald Dahl, mtungaji wa Uingereza, baada ya kutoa mwaka 1964 kitabu chake Charlie and the Chocolate Factory, yaani Charlie na Kiwanda cha Chokoleti. Mwaka 1972 alitoa cha pili, Charlie and the Great Glass Elevator, yaani Charlie na Lifti Kubwa ya Kioo. Kwa bahati mbaya, swali la msomaji halikujibiwa humo.

Tuanze na kitabu cha kwanza. Charlie Bucket ni mtoto wa maskini. Baba yake hufunga vifuniko vya dawa ya meno kiwandani, chakula chao ni supu ya kabichi, na mababu wawili na mabibi wawili hulala kitanda kimoja katika nyumba ndogo yenye baridi. Charlie hupata chokoleti mara moja tu kwa mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, na hata hiyo huwasihi jamaa zake waionje. Ndipo Willy Wonka, mwenye kiwanda cha maajabu, anapoficha tiketi tano za dhahabu ndani ya chokoleti zake. Watoto watano wanaingia kiwandani. Mmoja ni mlafi, wa pili amedekezwa, wa tatu hatoi chingamu kinywani, wa nne ameganda mbele ya televisheni. Kila mmoja anaangushwa na kosa lake mwenyewe, nasi twacheka huku tukijitazama. Anabaki Charlie, na Wonka anamfanya mrithi wa kiwanda kizima.

Ndugu msomaji, hapo ndipo hadithi ilipoacha deni. Cheo ni dhamana. Askari avishwapo nyota mabegani, siku ile ya gwaride ni ya shangwe, tarumbeta zalia na jamaa wapiga vigelegele. Lakini kazi yenyewe huanza kesho yake asubuhi, anapokabidhiwa watu, silaha na ghala, na kila macho yanamtazama. Msomaji aliyefunga kitabu cha kwanza alitamani kuiona kesho hiyo ya Charlie. Je, mtoto aliyeshibia supu ya kabichi atawakumbuka wenye njaa? Atawaamuruje watu waliomzidi umri? Atakapokosea, atayabeba makosa yake au atamsukumia mwingine?

Kitabu cha pili chaanza palepale cha kwanza kilipoishia. Charlie, wazazi wake, wazee wote wanne na Wonka wamo ndani ya lifti ya kioo irukayo. Kwa vurugu za humo ndani, kitufe hakibonyezwi kwa wakati wake, na lifti yapaa mpaka anga za juu. Huko wanakuta hoteli ya Wamarekani izungukayo dunia, na ndani yake madude yenye umbo la yai, yajigeuzayo kila namna na kumeza watu. Rais wa Marekani, ambaye makamu wake ndiye yaya aliyemlea, anahangaika kwa simu akidhani wageni hao ni maadui. Mwishoni lifti inakivuta mpaka duniani chombo cha wafanyakazi wa hoteli waliovamiwa, na madude yanayowafukuza yanaungua kama vimondo.

Yapo ya kuchekesha humo, wala hatukatai. Lakini Charlie yu wapi? Hutoa wazo hapa na pale, ila kwa sehemu kubwa ni abiria. Katika kitabu cha kwanza tabia yake ndiyo iliyoamua mambo. Katika hiki, mambo yanatokea naye anatazama. Hatari ipo, lakini haimdai chochote. Ukimtoa Charlie katika safari hiyo ukamweka mtoto mwingine yeyote, hadithi itaendelea vilevile, na dosari hiyo ni kubwa katika kitabu kibebacho jina lake.

Sehemu iliyo bora ni ile ya vidonge. Wamekwisha kurudi kiwandani, na Wonka anatoa dawa ambayo kila kidonge chake humpunguzia mtu miaka 20. Wazee watatu waliokataa kutoka kitandani wanazinyang'anyania, kila mmoja akameza vidonge vinne. Hesabu ni nyepesi: 4 mara 20 ni 80. Wawili wanakuwa watoto wachanga. Bibi Georgina, mwenye umri wa miaka 78, anatoweka kabisa, kwa kuwa amebakiwa na miaka 2 chini ya sifuri! Anapofuatwa huko aliko na kupewa dawa ya kuzeesha, anarudi akiwa na miaka 358, na inabidi apunguziwe tena. Tamaa mbele, mauti nyuma. Hapa mtungaji amerudia ustadi wake wa zamani, maana kicheko kimetoka katika kosa la mtu.

Mzaha mwingine umezeeka vibaya. Rais anapopiga simu China, kichekesho kizima ni majina ya Wachina yaliyogeuzwa kuwa mchezo wa maneno ya Kiingereza. Sisi ambao majina yetu yamewahi kuchekwa na wageni hatuoni utamu wake. Kitabu cha kwanza nacho hakikukosa doa hilo: katika chapa ya 1964 wafanyakazi wadogo wa kiwandani walikuwa Waafrika walioletwa kutoka msituni, wakalipwa mbegu za kakao. Watu walilalamika, na katika chapa ya 1973 Dahl akaibadilisha asili yao.

Masikitiko yetu yanazidi tukumbukapo maisha ya Dahl mwenyewe, maana alikaa huku kwetu. Alifika Dar es Salaam mwaka 1938 kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili. Vita vilipozuka mwaka 1939, kama alivyosimulia katika Going Solo kilichotoka 1986, alikabidhiwa kikosi cha askari wa KAR ili awazuie Wajerumani wasitoroke, naye hajatimiza hata miaka 25. Baadaye alijiunga na jeshi la anga mjini Nairobi, na mwaka 1941 akarusha ndege za kivita huko Ugiriki. Mtu huyo alijua vema jinsi kijana anavyotetemeka akabidhiwapo dhamana. Angaliweza kutuandikia habari za mrithi kijana kuliko wengi, lakini akatuandikia habari za lifti.

Alianza kitabu cha tatu, nacho hakikufika mbali. Alifariki mwaka 1990, na kiwanda cha Charlie hakijapata kufunguliwa na Charlie mwenyewe.

Basi wazazi wafanyeje? Wasiwanyime watoto kitabu hiki, maana sura za vidonge pekee zatosha kuchangamsha jioni moja. Lakini baada ya ukurasa wa mwisho, na waulizwe: wewe ungepewa kiwanda kile, siku ya kwanza ungefanya nini? Nani ungemlisha kwanza? Mtoto atakayejibu kwamba angejilisha mwenyewe, na asomewe tena kitabu cha kwanza.