Panadol na brufen dharura: mzee hajadharauliwa

Kwenye familia yetu hapa Muscat, mzee akipelekwa dharura kwa mguu uliotenguka au mkono uliovimba, mimi ndiye mkalimani. Na maneno huwa yale yale: "Yaani nimekuja mpaka hospitali, wananipa panadol na brufen? Si ninazo nyumbani! Mwanangu, waambie wanichome sindano."

Namwelewa. Wengi wetu tunapima uzito wa tiba kwa sindano. Lakini hizo dawa mbili zikitolewa pamoja si jambo dogo.

Novemba 2017 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliofanywa Bronx, New York. Watu wazima 416 walifika dharura na maumivu makali ya mkono au mguu. Kundi moja lilipewa brufen miligramu 400 na panadol miligramu 1,000. Makundi mengine matatu yalipewa dawa za jamii ya afyuni, kama kodeini, zikiwa na panadol ndani yake. Baada ya saa mbili, maumivu yalikuwa yameshuka karibu sawasawa kwa wote.

Siri yake ni kwamba kila moja ina njia yake. Panadol hufanya kazi zaidi kwenye ubongo, brufen hutuliza uvimbe pale palipoumia. Na zote mbili hazimtii mtu kwenye uraibu, kama zile za afyuni zinavyoweza.

Ila hatari ipo. Panadol na Adol ni dawa ile ile, paracetamol, na dawa nyingi za mafua nazo zinayo. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, zote zikijumlishwa. Ikizidi, ini linaumia. Brufen na Voltaren nazo ni za ukoo mmoja, usizichanganye. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze brufen mpaka daktari aseme.

Kwa hiyo nikifika, kabla ya kufasiri kitu kingine, namwambia daktari mzee ameshameza nini nyumbani na saa ngapi. Akipewa vidonge, tunasubiri. Maumivu yasipopungua, hapo tunasema tena, bila ya haya: bado anaumwa.