Kabla ya Mabomu ya Machozi

Kutoka Kigali hadi Kamembe, mji wa Wilaya ya Rusizi, ni zaidi ya kilomita 200, na barabara hukatiza msitu wa Nyungwe. Ghasia zikizuka, askari wa kuongeza nguvu wakija kwa gari watachukua saa kadhaa. Kwa hiyo dakika za mwanzo ziko mikononi mwa waliopo: irondo (doria ya usiku) la mtaa, DASSO (walinzi wa usalama) wa wilaya, na polisi wanaoitwa kwa namba 112.

Kikosi cha kutuliza ghasia huongeza nguvu hatua kwa hatua. Kamanda huanza kwa kuwatafuta viongozi wa umati na kuzungumza nao. Ikishindikana hutolewa amri ya kutawanyika, kwa lugha inayoeleweka na kwa muda wa kutosha kuitii. Ndipo huja ngao, virungu na mabomu ya machozi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 zinaruhusu kupiga risasi ya kuua pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa maisha. Tena umati lazima uachiwe pa kutokea. Kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza, mkabala na Bukavu, wachuuzi hubanana darajani. Bomu la machozi likirushwa upande usiofaa, watu watakanyagana.

Kasi husifiwa mno, lakini si kila mara muda ndio unaokosekana. Januari 2018, mgao wa chakula wa wakimbizi wa Kongo katika kambi ya Kiziba, wilayani Karongi, ambayo kama Rusizi iko kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, ulipunguzwa kwa asilimia 25. Tarehe 20 Februari waliandamana hadi ofisi ya shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi (UNHCR) mjini Karongi, wakakaa hapo. Tarehe 22 polisi waliwaondoa kwa mabomu ya machozi na risasi. Polisi walisema walirushiwa mawe na vyuma, askari saba wakaumia, na wakimbizi watano wakafa. Baadaye UNHCR ilisema waliokufa ni 11 au zaidi.

Siku mbili za kuzungumza zilikuwepo. Kilichokosekana pale ni jibu kuhusu chakula, na hilo askari hawezi kulibeba mkobani. Nyarushishi, hapa Rusizi, wakimbizi wa Kongo wamekuwa wakipokewa pia. Wakilalamikia mgao kesho, ningependa gari la kwanza kufika limbebe mtu mwenye mamlaka juu ya mgao huo, aketi nao, hata ikichukua siku tatu.