Ekseli ya Explorer chini ya Mustang kongwe

Ford ilipoizindua Mustang mwezi Aprili 1964, watu waliipenda kwa umbo lake kuliko kwa kilichofichwa chini yake. Zile za injini ya silinda sita zilifungwa difu ndogo yenye krauni ya inchi 7.25 na magurudumu ya nati nne. Nyingi za V8 zilipata difu ya inchi 8 na nati tano. Zote zilikuwa na breki za dramu nyuma. Leo wamiliki wengi nchini Marekani huing'oa ekseli ya nyuma yenye difu hiyo na kufunga ya Ford Explorer, hasa ya miaka ya 1995 hadi 2001. Wapenzi wa magari ya asili huwalaumu kwamba wanaharibu urithi. Kwa maoni yangu, kati ya mabadiliko makubwa yanayoweza kufanyiwa gari kongwe, hili ni rahisi kulitetea kuliko mengi, ilimradi mwenye gari akubali kwamba ekseli haibadilishwi peke yake.

Kwa nini Explorer? Krauni yake ni ya inchi 8.8 na shafti zake ni nene, zenye meno 31, wakati za difu ya inchi 8 zina meno 28. Breki zake ni za diski, na nati zake tano zimepangwa kwa kipimo kilekile cha Mustang ya V8, hivyo matundu ya nati ya rimu yanalingana. Tena magari hayo yamejaa kwenye yadi za magari chakavu. Wengi huvutiwa na uimara, lakini kinachobadilisha safari ni uwiano wa gia. Difu ya 3.73 maana yake propela huzunguka mara 3.73 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 64 na mwendo wa kilomita 110 kwa saa, injini ya gari lisilo na gia ya mwendo mrefu itazunguka takribani mara 3,400 kwa dakika, ilhali kwa difu ya 2.80 ingekuwa kama 2,550. Anayefuata uimara tu ataondoka kwenye taa kwa kasi, kisha barabara kuu imchoshe kwa kelele. Akiwa na giaboksi yenye gia ya tano ya 0.68, injini hiyohiyo itashuka hadi karibu 2,300.

Kazi yenyewe huanza na futi ya kupimia. Ekseli ya Explorer ina upana wa karibu sentimita 151, ya Mustang ya 1965 karibu 145, na difu ya Explorer imeegemea kulia. Mafundi hukata bomba la kushoto kwa takribani sentimita 7.5, kisha hununua shafti nyingine ya kulia na kuifunga kushoto, pande zote zikawa sawa. Vikalio vya springi huwekwa mahali papya, lakini havichomelewi moja kwa moja mpaka gari likanyage chini kwa uzito wake wote na pembe ya pinioni, gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela, ipimwe. Pembe ikikosewa, propela hutetemeka na viungo vyake huisha mapema. Masta silinda ya zamani yenye mfumo mmoja wa maji ya breki nayo hubadilishwa kwa yenye mifumo miwili, na mgawanyo wa nguvu za breki hurekebishwa ili magurudumu ya nyuma yasikwame kabla ya ya mbele.

Sasa turudi kwa wanaotetea uasili. Hoja yao ina uzito gari likikatwa bodi au chesi, kwa sababu chuma kilichokatwa hakirudi kilivyokuwa. Ekseli ya Mustang, hata hivyo, imefungwa kwenye springi kwa yubolti nne, na kinachokatwa hapa ni ya Explorer. Ya kiwandani ikipakwa mafuta na kuhifadhiwa, mmiliki ajaye anaweza kuirudisha.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: kwa nini usiikarabati ya zamani? Kwa gari lenye injini ya kiwandani linalotembezwa taratibu, nakubali, ikarabati. Hata diski za nyuma zisikudanganye, kwani kazi kubwa ya kusimamisha gari hufanywa na breki za mbele. Lakini gari la silinda sita lililowekewa V8 difu yake ndogo haitalimudu, na hapo ukarabati ni kuahirisha gharama. Mwenye fedha anaweza kununua ekseli iliyotengenezwa kwa vipimo vya Mustang. Asiye nazo ana ya Explorer, ila kwenye bajeti aandike pia propela, masta silinda na mchomeleaji anayejua kunyoosha bomba lililopata joto. Jumla ya hayo ikimzidi, bora asianze.