Maua Yaliwayo na Maua Yauayo

Mkulima atembeapo shambani mwake alfajiri huyakuta maua ya maboga yamefunguka, ya manjano kama dhahabu, na nyuki wakiingia na kutoka. Ifikapo adhuhuri yamekwisha kujifunga, na baadaye hunyauka na kuanguka. Wengi huyapita bila kuyajali, wakilingoja boga lenyewe. Walakini ua hilo ni mboga njema, nalo hupikwa katika nchi nyingi, toka Italia hata Meksiko.

Kula maua si jambo geni. Karafuu ya Unguja na Pemba, itiwayo katika pilau na chai, si mbegu wala si tunda. Ni ua lisilopata kuchanua. Huchumwa lingali tumba, kisha huanikwa juani mpaka likawa na rangi ya hudhurungi. Koliflawa iuzwayo sokoni nayo ni kichala cha maua machanga. Huko Misri na Sudani watu hunywa karkade, kinywaji chekundu chenye uchachu, kitokanacho na mmea uitwao rozela, ambao katika Tanzania hujulikana kwa jina la choya. Kitumiwacho si petali zake, bali ni kile kikombe kinene chekundu kinachoikumbatia mbegu baada ya petali kuanguka.

Basi mtu aweza kuuliza: Ikiwa haya yaliwa, kwa nini yasiliwe yote? Jibu walikwisha kulitoa wahenga waliponena, “Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.” Na katika maua, ndani yaweza kuwa sumu.

Mfano ulio karibu ni mnanaha, gugu liotalo penye samadi, kando ya njia na katikati ya mahindi. Ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, na tunda lake lina miiba. Jamaa yake mkubwa ni ule mti mdogo upandwao uani kwa ajili ya pambo, wenye maua makubwa yaning'iniayo kichwa chini na kunukia sana wakati wa usiku. Mimea hiyo miwili ina sumu katika maua, majani na mbegu. Mwaka 2019, huko Karamoja katika Uganda, watu karibu 300 waliugua na watano wakafa baada ya kula unga wa chakula cha msaada. Wachunguzi walikuta ndani ya unga huo atropini na skopolamini, ambazo ndizo sumu za mnanaha.

Wako na maadui wengine. Oleanda, yenye maua ya waridi au meupe, na ile ya manjano ipandwayo kuwa ua wa nyumba, huudhuru moyo. Maua ya viazi vya kizungu si chakula, hata kama kiazi chenyewe chaliwa kila siku. Pareto, iliyowapa wakulima wa Kenya fedha kwa miaka mingi, hulimwa kwa kuwa ua lake huua wadudu. Mahali pake ni kiwandani, si jikoni.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyategemea, nayo huwadanganya. La kwanza ni kumtazama mnyama. Sungura wengine huweza kula majani yenye atropini wasidhurike, ambapo mtoto angeweza kufa. La pili ni kumtazama nyuki, ambaye hutua juu ya maua yenye sumu kama atuavyo juu ya mengine. La tatu ni kuamini kwamba moto husafisha kila kitu. Sumu ya mnanaha haiondoki kwa kuchemshwa.

Njia iliyo salama ni kuujua mmea wote kabla ya kulichuma ua. Mboga hutambaa chini, shina lake lina vinywele vya kukwaruza, majani yake ni mapana, na huwa na vikono vya kujishikiza. Sukuma wiki iliyopanda juu na kuchanua hutoa maua madogo ya manjano yenye petali nne zilizokaa mfano wa msalaba. Nayo yafaa kuliwa pamoja na majani yake. Mtu akiwa na shaka hata kidogo, aliache ua hilo. Ndani ya mchicha na kunde mna chakula cha kutosha, wala hakuna haja ya kubahatisha.

Hata ua lililo jema laweza kuharibiwa na mikono ya watu. Maua ya kupamba meza yanunuliwayo dukani hayafai kuliwa, maana huenda yalipuliziwa dawa zisizokusudiwa kugusa chakula. Vivyo hivyo maua ya kando ya barabara kuu, na ya shamba lililopigwa dawa ambalo siku zake za kungoja hazijatimia. Tena mtu mwenye pumu, au ambaye vumbi la maua humpigisha chafya, yampasa awe mwangalifu zaidi na aanze kwa kuonja kidogo sana.

Mwenye kutaka maua ya maboga na ayachume asubuhi, tena achague ya kiume. Ua la kike hutambulikana kwa kiboga kidogo kilicho chini yake; la kiume lina kikonyo chembamba kitupu. Akichuma ya kike amelichuma boga lenyewe. Wala asiyamalize ya kiume yote, kwa sababu nyuki huuchukua unga wake kuupeleka kwa ya kike, na pasipo unga huo hapana boga. Kisha atoe kijiti cha katikati, akung'ute siafu, aoshe kwa maji safi, na kuyatia katika kitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva. Dakika chache zatosha. Mboga hiyo ikiwa na uchungu mkali, itemwe na kumwagwa. Uchungu huo katika jamii ya maboga ni dalili ya sumu.

Ikiwa mtu amekwisha kula ua baya, dalili za mnanaha ni kinywa kukauka, mboni za macho kupanuka, moyo kwenda mbio, na maneno yasiyo na maana. Oleanda huleta kutapika, na moyo hupoteza mwendo wake. Mgonjwa asilazimishwe kutapika, wala jamaa zake wasikae wakingoja kuona kama atapata nafuu. Apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha mmea alioula kichukuliwe pamoja naye, ili daktari aijue sumu anayopigana nayo.

Watoto ndio huanza kuonja, maana wao huvutwa na rangi. Kwa hiyo mzazi auzungukie ua wa nyumba yake pamoja nao, awaonyeshe mmea mmoja mmoja, na aung'oe mnanaha kabla haujazaa mbegu. Kazi hiyo ni ya nusu saa, nayo yaweza kuokoa maisha.