Mchezo wa Bao katika Saa za Mapumziko

Wasikilizaji wetu, katika miji na mashamba ya Pemba, jua likisha kupinda na kazi zikisha kwisha, utawaona barazani wazee wawili wameinamia ubao, na watu wamewazunguka kimya. Vijana wengi huwapita wakisema ya kuwa huo ni mchezo wa wasio na kazi. Leo twataka kueleza kwa nini sisi hatukubaliani nao.

Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8, na kete 64, ambazo kwa desturi ni komwe. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mwanzo huweka ubaoni 10 tu: 6 katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kuume. Zilizosalia 22 hukaa mkononi, hutiwa moja moja kila zamu. Huku ndiko kunamua. Ukitia kete katika shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzio linaloelekeana nalo likawa na kete pia, umekula. Ulizokula wazitawanya upande wako, ukianzia kichwani, yaani mwisho wa safu ya mbele. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mkono haujesha: ama wala tena, ama wazizoa zote uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Kete za mkononi zikisha, huchezwa mtaji kwa zilizo ubaoni. Ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu ameshindwa.

Utamu wake uko hapa. Katika sataranji, ambayo Waarabu waliipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, kilicholiwa hutolewa ubaoni. Katika bao hakitoki kitu. Mateka hugeuka wakampigania aliyewateka, na mtu aliyekaribia kushindwa aweza kupindua mambo yote kwa mkono mmoja. Tena hapana dadu wala karata iliyofichwa, basi hapana bahati ya kusingiziwa. Na sharia iliyo ngumu kuliko zote ni hii: penye kula, sharti ule. Fundi humwachia mwenzake kete chache kwa makusudi, kwani ajua akizila atajivunjia safu yake mwenyewe. Mchezaji mgeni hufurahi kila alapo. Fundi hujiuliza kwanza kwa nini ameachiwa.

Hesabu hizi zote hufanywa kichwani. Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mafundi wa Zanzibar, na mwaka 1995 alitoa kitabu kizima juu ya ustadi wao.

Hatusemi ya kuwa bao halina hatari. Mwenye kuanika karafuu, akajisahau barazani hata mvua ikanyesha, atalilipa bao lile kwa bei ya karafuu zake. Na achezwe baada ya kazi, si badala yake.

Asiye na ubao na achimbe mashimo mchangani, aanze na bao la kujifunza: kete mbili mbili kila shimo, pasipo kunamua. Wengi huishia hapo, nasi twasikitika, kwani ufundi wa kunamua umo zaidi vichwani mwa wazee kuliko vitabuni, na wazee hawakai milele. Basi, wanafunzi, keteni barazani mtazame, msiguse kete wala msinong'one. Mchezo ukisha, mwamkieni mzee kwa adabu, mkamwulize kwa nini alitawanya kwa kuume, na kushoto palikuwa na kete nyingi zaidi.