Je, Wajua? Wimbo wa "Kienyeji" Uliokuwa na Mwenyewe

Dansi ya Kihungari Na. 5 ya mtunzi Mjerumani Johannes Brahms haikutokana na wimbo wa wanakijiji, ingawa yeye mwenyewe aliamini hivyo. Alipoichapisha mwaka 1869, mtunzi halisi wa muziki huo, Béla Kéler wa Hungaria, alikuwa hai! Kéler alikuwa ameutunga kama chardashi, dansi ya Kihungari inayoanza polepole kisha kushika kasi.

Tusimwite Brahms mwizi. Dansi zake za Kihungari, ambazo baadaye zilifika 21, hakuzipa namba ya opasi (namba rasmi ya kazi ya mtunzi) kama alivyozipa kazi zake nyingine nyingi, na zilichapishwa kama nyimbo alizozipanga tu kwa ajili ya piano. Muziki wa Kihungari aliuonja akiwa kijana wa miaka 20, mwaka 1853, alipozunguka Ujerumani akimpigia piano Ede Reményi, mpiga fidla kutoka Hungaria.

Sikiliza sehemu ya katikati ya Dansi Na. 5: mwendo unapungua ghafla, karibu usimame, kisha unachomoka tena. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na yote hayo hayazidi dakika tatu hivi.

Awali iliandikwa kwa wapigaji wawili kwenye piano moja. Ile ya okestra tunayoisikia mara nyingi ilipangwa na watu wengine. Brahms mwenyewe alipanga kwa okestra Na. 1, 3 na 10 tu.

Mchekeshaji Charlie Chaplin naye aliitumia Dansi Na. 5 katika filamu ya mwaka 1940, The Great Dictator, akimnyoa mteja ndevu kwa kufuata mapigo yake.